Albamu za Kipupwe: Usikilizaji wa Muziki kama Usomaji wa Ushairi

Utangulizi

Makala haya yanashughulikia swali linaloonekana jepesi: ni albamu zipi za muziki zinazofaa kusikilizwa katika miezi ya baridi? Swali hili huulizwa zaidi na wapenzi wa burudani kuliko wahakiki wa fasihi. Hata hivyo, kwa mwanafunzi wa Kiswahili aliye Eldoret, lina uzito wake. Tungo nyingi za ushairi wa Kiswahili wa karne ya 20 zilitungwa ili ziimbwe, na baadhi yake hazikuwahi kuingia kitabuni. Makao yake ni santuri, kanda na diski. Mwanafunzi asiyejua kusikiliza amejifungia nje ya maktaba nzima. Hoja yetu ni kwamba miezi ya baridi ndiyo miezi mwafaka ya kuingia katika maktaba hiyo, na kwamba albamu inayoifaa miezi hiyo ni ile inayomdai msikilizaji utulivu.

Kipupwe cha Pwani na Kipupwe cha Nyanda za Juu

Kwa Waswahili wa pwani, kipupwe ni majira ya baridi yanayofuata masika, wakati pepo za kusi zinapovuma. Huanguka kati ya Juni na Agosti. Baridi yenyewe si kali; ni unafuu baada ya joto la kaskazi. Jiji la Eldoret, kwa upande wake, limejengwa kwenye mwinuko wa takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hapa miezi hiyohiyo huja na mawingu na mvua nyingi, na usiku vipimo huweza kushuka hadi nyuzi 10 za Selsiasi au chini yake. Aliyezaliwa Mvita akaja kusoma Kesses au Chepkoilel hugundua kuwa neno alilokuja nalo limebadilika maana njiani.

Tofauti hii si ya hali ya hewa pekee. Pwani, taarabu ni sanaa ya hadhara: arusini, barazani, ukumbini, watu wamekusanyika na mtunzaji anainuka kwenda kumtuza mwimbaji. Nyanda za juu mnamo Julai, mtu huingia ndani mapema, akafunga dirisha, akajifunika blanketi. Muziki uliotungwa kwa ajili ya umma unamfikia akiwa peke yake. Je, unapoteza nini, na unapata nini? Ili tujibu, hatuna budi kwanza kuitazama albamu yenyewe kama chombo.

Kutoka Santuri hadi Albamu

Mnamo mwaka 1928, Siti binti Saad alisafiri pamoja na wanamuziki wenzake kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi santuri za kampuni ya HMV. Shaaban Robert baadaye aliyaandika maisha yake katika Wasifu wa Siti binti Saad. Santuri za enzi hiyo zilibeba takriban dakika 3 za sauti kila upande. Wimbo ambao ukumbini ungeweza kurefushwa kadiri wasikilizaji walivyotaka, ulilazimika kukatwa ili utoshe. Hivyo basi, tunapoisikia sauti ya Siti leo, tunausikia pia mkasi wa teknolojia.

Neno “albamu” lenyewe lilitokana na hali hiyo. Hapo awali, albamu ilikuwa jalada lenye kurasa za mifuko, ambamo santuri kadhaa zilihifadhiwa pamoja, mfano wa albamu ya picha. Santuri ndefu ilipoanza kuuzwa mwaka 1948, ikiwa na uwezo wa kubeba zaidi ya dakika 20 kila upande, jina likahamia kwenye mkusanyiko wa nyimbo ndani ya santuri moja. Kisha ikaja kanda. Mjini Mombasa, maduka kama Mbwana Radio Service yalirekodi na kuuza kanda za taarabu, na lebo ya Mzuri ilikuwa imekwisha kutoa santuri nyingi za waimbaji wa pwani. Kwa njia hii msikilizaji alipata kitu ambacho santuri ya dakika 3 haikuweza kumpa: mfululizo wa nyimbo, wenye mwanzo, katikati na mwisho, mithili ya diwani ya mashairi.

Vigezo vya Uteuzi

Tukiichukulia albamu kama diwani, tunaweza kuweka vigezo vinne vya kuteua albamu ya kipupwe. Kwanza, mwendo. Muziki uwe wa taratibu kiasi cha kumwezesha msikilizaji kufuata neno kwa neno. Pili, uchache wa ala. Ala zikiwa chache, sauti ya mwimbaji hupata nafasi, na hata pumzi yake husikika. Tatu, uzito wa maneno. Matini yawe na mafumbo yanayostahimili kurudiwa. Wimbo unaokwisha maana kwa kusikilizwa mara moja hauwezi kumkimu mtu mwezi mzima. Nne, mpangilio. Nyimbo ziwe zinapokezana, si kurundikwa tu.

Albamu Tatu

Ya kwanza ni Mtindo wa Mombasa ya Zein Musical Party, iliyotolewa na GlobeStyle ya Uingereza mwaka 1990. Zein l’Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyeishi na kufanya kazi Mombasa, alikuwa miongoni mwa mafundi wakubwa wa udi katika pwani yetu. Sauti yake na udi wake ndio uti wa mgongo wa muziki wake. Udi hutangulia, huuliza, sauti hujibu, kisha udi hurudi kulikariri jibu kwa namna yake. Baadhi ya mashairi aliyoyaimba Zein maishani mwake yalitungwa na Sheikh Ahmad Nabhany, mshairi na mwanaleksikografia ambaye wanafunzi wengi humjua kwa msamiati aliouasisi, kama vile “runinga”. Anayemjua Nabhany wa istilahi tu hajamjua. Vigezo vyote vinne vinatimia hapa, na hasa kile cha tatu.

Ya pili ni juzuu ya kwanza ya mfululizo wa Zanzibara, iliyotolewa na Buda Musique ya Ufaransa mwaka 2005 kuadhimisha miaka 100 ya kikundi cha Ikhwani Safaa cha Unguja, kilichoasisiwa mwaka 1905. Hapa kigezo cha uchache wa ala kinavunjwa, maana Ikhwani Safaa ni okestra yenye fidla, udi, kanuni na akodioni. Hata hivyo, mwendo ni wa taratibu na ala hazigombani. Katika taarabu ya aina hii, shughuli kwa desturi hufunguliwa na bashrafu, yaani kipande cha ala tupu kisicho na maneno. Msikilizaji mwenye haraka hukiruka. Mwenye subira hutambua kwamba bashrafu humwandaa kama dibaji inavyomwandaa msomaji: sikio huzoea maqamu kabla neno halijaingia.

Ya tatu haikuimbwa kwa Kiswahili, nasi tunaileta kwa ajili ya ulinganishi. Ni En Mana Kuoyo ya Ayub Ogada, iliyotolewa na Real World mwaka 1993. Ogada alizaliwa Mombasa mwaka 1956, akaimba kwa Kijaluo, akipiga nyatiti ya nyuzi nane. Katika miaka ya 1980 alipiga ala hiyo mbele ya wapita njia jijini London, katika nchi ambayo baridi yake haina masihara. Albamu hii ndiyo yenye Kothbiro, wimbo ambao jina lake lina maana ya “mvua inakuja”, na ambao ulitumiwa katika filamu ya The Constant Gardener ya mwaka 2005. Kwa msikilizaji wa Eldoret anayeitazama mvua ya Agosti, uhusiano uko wazi. Kwa mwanafunzi wa fasihi, funzo ni jingine: nyatiti na udi, ala mbili zenye asili tofauti, zinafanya kazi moja ya kuliachia neno nafasi. Asiyejua Kijaluo atatambua ni kiasi gani cha maana hubebwa na sauti kabla ya msamiati.

Pingamizi

Huenda mtu akapinga kwamba baridi inahitaji muziki wa kuchangamsha mwili. Atatutajia Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala na Orchestre Super Matimila (1989), ambayo magitaa na ngoma zake humwinua mtu kitini. Hatumpingi. Dansi hupasha mwili joto, nayo ina nafasi yake, tena maneno ya Remmy kuhusu wanyonge yanastahili uhakiki. Ila mwili unapocheza, sikio hugawanyika. Makala haya yanatafuta albamu ya mtu aliyekaa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: je, kumtoa Zein ukumbini na kumweka chumbani mwa mwanafunzi si kuipotosha taarabu? Ni kweli kwamba utuzaji, vijembe na macho ya hadhira hupotea. Lakini msikilizaji mpweke hupata fursa ambayo aliyekuwa ukumbini hakuwa nayo, nayo ni kurudi nyuma. Anaweza kuusikiliza mshororo mmoja mara kumi. Huo ndio usomaji.

Namna ya Kusikiliza

Tunapendekeza hatua tatu. Hatua ya kwanza, sikiliza albamu nzima kwa mpangilio wake, bila kalamu. Mvua ikipiga bati, tumia vifaa vya masikioni, kwani nyuzi za udi hazishindani na mabati. Hatua ya pili, chagua wimbo mmoja uandike maneno yake kama yanavyoimbwa, pamoja na marudio. Hatua ya tatu, ndipo uhesabu mizani na kupanga vina.

Utaratibu huu una sababu. Wengi wetu huanzia hatua ya tatu. Tunapewa wimbo ulionakiliwa karatasini, tunahesabu, tunakuta mshororo wenye mizani 15 mahali pa 16, tunaandika kuwa mtunzi ameteleza. Mwimbaji, kwa upande wake, ameimba “shukurani” pale mnakili alipoandika “shukrani”, na mizani imetimia. Vitabu vyetu huita jambo hilo mazida, vikaliorodhesha chini ya uhuru wa mshairi. Sikioni si ruhusa bali ni kanuni: neno hupimwa linapotamkwa. Kumhukumu malenga kwa kosa la mnakili ni dhuluma, na dhuluma hiyo hufanyika katika insha zetu kila muhula.

Mwaka 1950, Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kipsigis huko Kapkatet wakiimba Chemirocha, jina lililotokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye sauti yake iliwafikia watu wa huko kwa santuri. Walimsikia mgeni, wakamfinyanga upya kwa lugha na ala zao. Bonde la Ufa basi lina historia ndefu ya kusikiliza kunakozaa utunzi. Anayesikiliza udi akiwa Kesses hajauanzisha utamaduni mpya.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba albamu ya kipupwe hutambulika kwa mwendo wake, nafasi inayoliachia neno, uzito wa matini na mpangilio wake. Uharaka wa jambo hili unatokana na kalenda nyingine isiyo ya pepo. Bi Kidude alifariki mwaka 2013, Juma Bhalo mwaka 2014, Zein l’Abdin mwaka 2016, Sheikh Nabhany mwaka 2017 na Ayub Ogada mwaka 2019. Hatuwezi tena kubisha hodi kwao kuuliza neno fulani lilitamkwaje. Jibu limo katika rekodi, nayo huchukua takriban saa moja kulisikia. Idara zetu zingefanya vyema kuhesabu saa hiyo kuwa saa ya kusoma, na maktaba zetu kuziweka rekodi hizi rafu moja na diwani.