Bakapu Unayo, Lakini Umewahi Kuirejesha?

Wadogo zangu, leo nazungumza na ninyi mnaotunza seva: ya saccos, ya shule, ya zahanati, ya duka la jumla. Kila nikiwauliza habari za bakapu mnanijibu upesi, "Dada, ipo, inajifanya yenyewe kila usiku." Haya. Ni lini mara ya mwisho uliichukua bakapu hiyo, ukaipakia kwenye mashine nyingine, ukaona majina ya wanachama na akiba zao vimerudi sawasawa? Wengi hapo hawana jibu, na hilo ndilo linalonikosesha raha.

Hebu niwape kisa cha GitLab, kampuni inayowatunzia wataalamu wa programu kazi zao. Usiku wa Januari 31, 2017, mhandisi wao alikuwa akihangaika na seva ya akiba iliyokataa kwenda sambamba na seva kuu. Akaamua kufuta folda ya data ili aanze upya, kumbe amri ameitoa kwenye seva kuu yenyewe. Aliisimamisha ndani ya sekunde chache, lakini kati ya gigabaiti zipatazo 300, zilikuwa zimesalia 4.5 tu.

Wakakimbilia bakapu. Walikuwa na njia tano za kujikinga, na hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi ya kutegemewa. Programu ya kunakili hifadhidata ilikuwa ya toleo la zamani kuliko hifadhidata yenyewe, kwa hiyo kila ilipoitwa ilishindwa. Barua pepe za kuwaonya zilitumwa, zikakataliwa njiani, asizione mtu. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi aliichukua saa sita kabla, kwa ajili ya majaribio. Kazi ya kurejesha ikala takribani saa 18, na yote yaliyoandikwa kwenye hifadhidata katika zile saa sita yakapotea, zikiwemo akaunti mpya zipatazo 700.

Mnaona? Hao ni watu wenye ujuzi na vifaa. Wewe uliye peke yako ofisini, huku umeme ukikatika bila taarifa, una sababu kubwa zaidi ya kujihakikishia.

Anza na bosi wako. Muulize: tukipata janga, tunaweza kupoteza kazi ya muda gani bila kuumia? Akisema siku nzima, nakala ya kila usiku inatosha. Akisema dakika kumi, hiyo haitoshi hata kidogo. Itabidi uhifadhi pia kumbukumbu za mabadiliko, zile ambazo MySQL huziita binlog na PostgreSQL huziita WAL, ili uweze kuirudisha hifadhidata hadi dakika moja kabla ya kosa.

Tena usinakili folda ya hifadhidata ikiwa inafanya kazi ukadhani umemaliza. Faili zinaweza kutoka zikiwa hazipatani. Tumia mysqldump au pg_dump, lakini kama utategemea WAL tumia pg_basebackup, maana WAL haiungani na nakala ya pg_dump. Na seva ya pili inayoiga ya kwanza haikukingi na mkono wako mwenyewe, kwa kuwa ukifuta huku, na kule kunafutika.

Nakala moja iishi mbali. Machi 10, 2021, moto uliteketeza kituo cha data cha OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja walikuwa wameweka bakapu zao palepale penye seva. Ukiipeleka mbali, ifunge kwa nenosiri, maana ndani mna siri za watu, na nenosiri hilo lisikae kwenye seva hiyohiyo peke yake.

Siku ya janga, mdogo wangu, usikurupuke. Zima programu zinazoandika kwenye hifadhidata, nakili kwanza hicho kilichobaki, hata kama kimeharibika, kisha urejeshe kwenye mashine nyingine. Mwambie mkubwa wako mapema. GitLab walieleza hadharani kila hatua, hata kazi ya kurejesha wakairusha moja kwa moja YouTube, na mimi nawaheshimu kwa hilo.

Sasa nakuomba jambo moja. Jumamosi hii tafuta kompyuta yoyote iliyo huru, rejesha bakapu ya jana usiku, hesabu rekodi ulinganishe na za seva kuu, kisha andika imechukua muda gani. Ikikataa kufunguka, Jumatatu usianze kazi nyingine yoyote kabla ya hiyo.