TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 22: Vipimo Viwili, Mbingu Moja



Usiku wa leo mwezi unachelewa kutoka. Ukimaliza Tarawehe hapa Rhotia, sogea mbali na taa za barabara ya Ngorongoro, utazame kusini. Anga ikiwa safi utaona kama kipande cha wingu jeupe, ila hakipeperuki na upepo. Si wingu hilo. Ni galaksi, mkusanyiko wa mabilioni ya nyota, na nuru unayoiona iliondoka huko miaka kama 160,000 iliyopita. Subhanallah!

Galaksi hiyo ina mwenzake mdogo. Mwaka 1912, kwa kuchunguza nyota za huyo mdogo zinazong'aa na kufifia, Bi Henrietta Leavitt wa Marekani aliwapa wanafalaki njia ya kupimia umbali. Mwaka 1929 Edwin Hubble akaonyesha kuwa galaksi zinaachana, na iliyo mbali zaidi inakwenda kasi zaidi. Mwaka 1998 timu mbili zikakuta jambo la ajabu: kutanuka huko kunazidi kasi. Kinachosukuma kikaitwa nishati ya giza. Jina lipo, lakini ni kitu gani hasa, hakuna anayejua mpaka leo.

Sasa sikilizeni hapa. Wanaopima kasi hiyo kwa nyota wanapata kama 73. Wanaopima kwa mwanga wa kale kabisa wa ulimwengu wanapata kama 67. (Ni kilometa kwa sekunde, kwa kila umbali wa miaka nuru milioni 3.3 hivi.) Wamerudia mara nyingi, tofauti iko palepale. Wanabishana, ndiyo, lakini kila upande unaweka hesabu zake wazi ili wenzao wazikague.

Wiki ijayo na sisi tutatafuta mwezi wa Shawwal. Wapo watakaofuata mwandamo wa hapa nchini, wapo watakaofuata wa kimataifa. Darasa hili haliamui. Hilo tuwaachie masheikh wetu. Ila jamani, isifike mahali ndugu wa baba mmoja wakanyimana mkono wa Idi kwa tofauti ya siku moja.

*La kufanya leo:* Mpigie simu yule mliyekorofishana kwa ajili ya mwezi. Mwalike futari. Muulize dalili yake, kisha umsikilize mpaka amalize.

Ewe Mola wetu, tuzidishie elimu, na utuunganishe nyoyo zetu kabla ya Idi. Amin.