SOMO LA AFYA: MACHO MAKAVU



Sisi tukaao Makumira twayajua majira ya vumbi. Mahindi yakiisha kuvunwa, upepo huinua vumbi la njia, na jikoni nako kuna moshi wa kuni. Ndipo twasikia, "Macho yaniwasha kama yametiwa mchanga." Mwingine hustaajabu: macho yake yamwaga machozi, naye aambiwa ni makavu! Tujifunze jambo hili kwa utaratibu.

1. Machozi ni nini?
Si maji matupu. Yana ute unaoyashikiza kwenye jicho, maji yenyewe, na mafuta membamba yatokayo kwenye kingo za kope. Mafuta huzuia maji yasikauke upesi. Kila tupepesapo, kope huyaeneza upya. Sehemu moja ikipungua, jicho hukauka na kuwasha. Likiwasha, humwaga machozi mengi kwa ghafula. Ni kama mvua kubwa juu ya udongo mkavu: hutiririka, chini pabaki pakavu.

2. Sababu zake
Umri, hasa kwa akina mama waliokoma hedhi, kisukari, baridi yabisi, baadhi ya dawa, kama zile za mafua na mzio, moshi, upepo na vumbi. Tena, asomaye au atazamaye simu kwa muda mrefu husahau kupepesa.

3. Tufanyeje?
Chovya kitambaa safi katika maji ya moto yasiyounguza, ukamue, uweke juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika 5 hadi 10, asubuhi na jioni. Mafuta yaliyoganda hulainika. Kisha safisha kingo za kope polepole. Tupike kwa kuni zilizokauka, mahali penye dirisha. Duka la dawa lina matone yaitwayo machozi ya bandia. Ncha ya chupa isiguse jicho, wala watu wawili wasitumie chupa moja. Matone yenye steroidi yasitumiwe bila daktari, maana yaweza kuleta presha ya macho na mtoto wa jicho.

Ukiona maumivu makali, wekundu mwingi, doa jeupe juu ya kioo cha jicho, au ukungu usioondoka kwa kupepesa, usingoje, nenda hospitali.

4. Jicho kavu la mtoto
Hili ni jambo jingine, nalo ni la haraka. Mtoto akosaye vitamini A huanza kwa kutoona vema giza likiingia. Baadaye weupe wa jicho hukauka na kufanya doa kama povu. Mwishowe kioo cha jicho huweza kuyeyuka kwa siku chache tu, na surua huharakisha mambo hayo.

Dr. Allen Foster, aliyefanya kazi katika hospitali ya Kanisa la Anglikana huko Mvumi, Dodoma, pamoja na Dr. Alfred Sommer, walitoa habari mwaka 1987 za watoto 130 wa Tanzania wenye vidonda kwenye kioo cha jicho. Zaidi ya thuluthi walikuwa wametoka kuugua surua. Kati ya hao, karibu nusu waliumizwa na upungufu wa vitamini A, na wengine na dawa za kienyeji walizotiwa machoni.

Wengi wetu tulitiwa maji ya majani au maziwa ya mama machoni tulipokuwa wadogo. Aliyetutia alitupenda. Lakini upendo usio na maarifa waweza kumpofusha mtoto. Mtoto anayejikwaa jioni apelekwe kituo cha afya siku ile ile. Apate chanjo ya surua katika miezi 9 na 18, na matone ya vitamini A kila miezi sita mpaka atimize miaka mitano. Nyumbani apewe mchicha uliotiwa mafuta kidogo, papai, embe, karoti, mayai na maini. Mengi ya hayo yamo shambani mwetu. Tusiyauze yote sokoni.

Maswali ya kuzungumza pamoja
1. Kwa nini jicho litoalo machozi laweza kuwa kavu?
2. Nyumbani kwetu, moshi hutokea wapi?
3. Jirani akitaka kumtia mtoto dawa ya majani machoni, tutamwambiaje bila kumvunjia heshima?