Kuripoti Malengo ya Maendeleo Endelevu Wadini: Mwongozo kwa Watumishi wa Migori na Homa Bay

Mwongozo huu ni wa wasimamizi wa wadi, maafisa wa nyanjani na viongozi wa vikundi vya usimamizi wa fuo (BMU) wanaotakiwa kuonyesha mchango wa kazi yao katika Malengo ya Maendeleo Endelevu. Umoja wa Mataifa uliyapitisha malengo hayo 17 mwezi Septemba 2015, na ukomo wake ni mwaka 2030.

Usianze na nambari ya lengo. Anza na ulichokiona ufuoni au mgodini, kisha utafute inayokihusu miongoni mwa shabaha 169. Ripoti nyingi huja kinyume: jalada limepambwa kwa nembo za rangi, ndani hamna hesabu hata moja.

Chukua omena ya Mbita. Huanikwa juu ya nyavu kuukuu. Mvua ikiiwahi kabla haijakauka, huoza au huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Andika ni madebe mangapi yaliyoanikwa wiki hiyo na mangapi yaliyoharibika. Hiyo ni shabaha 12.3, ya kupunguza upotevu wa chakula. Wengi hukimbilia Lengo la 14 kwa kuwa lina samaki, lakini hilo ni la bahari. Utunzaji wa maji ya ziwani umo katika shabaha 6.6 na 15.1.

Kwenye migodi ya Nyatike shughuli ni nzito zaidi. Wanaoosha dhahabu huchanganya zebaki na mchanga kwa mikono mitupu, huminya donge kwenye kitambaa, kisha hulichoma juu ya makaa, pengine jikoni, watoto wakiwa pembeni. Mvuke wake hauonekani. Shabaha 3.9 na 12.4 zinahusu sumu kama hiyo. Ukiuliza, “Mnatumia zebaki?” utaambiwa hapana, na ni nani asiyemwogopa mtu mwenye daftari la serikali? Uliza donge huchomewa wapi, na wakati huo nani huwa karibu. Majina usiyaandike.

Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hutakiwa kufika katika bunge la kaunti ifikapo 1 Septemba. Mfikishie afisa wa mipango hesabu zako mapema, Julai ikiwezekana. Zikichelewa, zitangoja mpango wa mwaka unaofuata.