Mlio wa Sikio Usiotoka Katika Mashine



Tukitoka zamu na filimbi ingali inalia sikioni, tunalaumu mashine. Mara nyingi ni haki: kelele ya desibeli 85 kwa saa 8, siku baada ya siku, huharibu sikio. Lakini upo mlio mwingine.

Weka kidole mbele ya sikio, ufungue na kufunga mdomo. Kinachocheza pale ni kiungo cha taya. Kimepakana na tundu la sikio, na mishipa ya fahamu ya taya hukutana na ya kusikia ndani ya ubongo. Basi anayekaza meno akibeba kikapu cha chai Shagasha au gunia la saruji Bugarama, au anayesaga meno usingizini, aweza kusikia mlio. Ukikaza meno mlio ukabadilika, huenda taya inahusika. Si hakika, hata mlio wa kelele hubadilika hivyo.

Tufanyeje? Midomo ifungwe, meno yasigusane. Kitambaa cha moto shavuni. Majuma machache tuache miwa na mahindi ya kuchoma. Sambaza wa Kivu kwa ugali laini si adhabu. Usiku redio ya sauti ndogo husaidia, kwani kimya huuzidisha mlio. Wengi huuzoea.

Mlio wa sikio moja tu, au unaopiga pamoja na moyo, aupime daktari. Kusikia kukipotea ghafula, nenda siku hiyo hiyo, usingoje mshahara.

Na vizibo vya masikio tuvidai hata hivyo. Taya mbovu haimwondolei mwajiri wajibu wa kupunguza kelele.