Ugonjwa wa Miguu na Midomo: Taarifa Hutangulia Chanjo

Tuchukulie kwamba asubuhi moja mama mmoja wa Likombe, katika Manispaa ya Mtwara-Mikindani, anafika zahanati akiwa amempakata mtoto wa miaka mitatu. Mtoto ana homa, amekataa kula, na vipele vyenye maji vimemtoka kinywani, viganjani na nyayoni. Mhudumu anapomchunguza, mama anaongeza neno: nyumbani kuna ng'ombe wa maziwa ambaye tangu juzi anadondosha udenda, anachechemea, na ana malengelenge kwenye ulimi na katikati ya kwato. Kisha anauliza maswali mawili: "Je, ng'ombe ndiye aliyemwambukiza mwanangu? Na maziwa yake tuyanywe au tuyamwage?"

Maswali hayo ni ya haki, na kila mhudumu wa afya anapaswa kuwa na majibu yake. Lakini lipo swali la tatu ambalo mama hakuliuliza, nalo ndilo zito kuliko yote: je, nani ameshaambiwa habari za ng'ombe huyo? Somo hili linajibu maswali yote matatu, na litakaa zaidi kwenye hilo la mwisho.

Magonjwa mawili, majina yanayofanana

Ugonjwa wa miguu na midomo huwapata wanyama wenye kwato zilizogawanyika: ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe, na wanyamapori kama nyati. Husababishwa na kirusi ambacho kina heshima ya pekee katika historia ya sayansi. Wajerumani wawili, Friedrich Loeffler na Paul Frosch, walionyesha mwishoni mwa karne ya 19 kwamba chanzo cha ugonjwa huu ni kidogo kiasi cha kupenya katika vichujio vilivyokuwa vikizuia bakteria wote. Hicho kilikuwa kirusi cha kwanza cha wanyama kutambuliwa duniani.

Ugonjwa wa mtoto ni mwingine. Huo ni ugonjwa wa mkono, mguu na mdomo, unaosababishwa na virusi vya binadamu, hasa koksaki A16 na enterovirusi 71. Huenea kutoka mtoto hadi mtoto kwa mate, makamasi, maji ya malengelenge na kinyesi. Virusi vya magonjwa haya mawili vimo katika ukoo mmoja mpana, lakini ni kama binamu wanaoishi katika nyumba tofauti: cha mtoto hakimwambukizi ng'ombe, na cha ng'ombe hakikumletea mtoto vipele hivyo. Watu waliothibitishwa kuambukizwa ugonjwa wa mifugo ni wachache mno katika historia. Mmoja alitambuliwa Uingereza mwaka 1966, naye alipata dalili nyepesi akapona. Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni "hapana", na litolewe kwa uhakika ili mama asirudi nyumbani na hofu isiyo na msingi. Mtoto apewe vinywaji vya kutosha, atulizwe homa na maumivu, na familia ioshe mikono kwa sabuni. Arudishwe upesi iwapo hanywi, anasinzia kupita kawaida, au anashtukashtuka usingizini.

Habari za maziwa

Jibu la swali la pili linahitaji uangalifu zaidi. Kirusi cha miguu na midomo hutoka katika maziwa, hata siku chache kabla ya dalili kuonekana, lakini kwa mnywaji binadamu hatari kubwa iko kwingine. Maziwa mabichi yanaweza kubeba vimelea vya brusela na vya kifua kikuu cha ng'ombe, na vyote viwili huwaumiza watu. Kwa hiyo maziwa yachemshwe siku zote, ng'ombe awe mgonjwa au mzima. Ng'ombe huyu asitumike kwa maziwa ya kuuza wala ya kugawia majirani, kwa kuwa chombo cha maziwa huweza kupeleka kirusi kwenye zizi jingine. Ndama naye asipewe maziwa hayo bila kuchemshwa. Katika ndama, kirusi hushambulia misuli ya moyo, na ndama aliyeonekana mzima jioni huweza kukutwa amekufa asubuhi.

Jambo jingine linamhusu mhudumu wa afya moja kwa moja, nalo ni dawa. Wafugaji wengi, wanapoona vidonda, hukimbilia sindano ya oksitetrasaiklini. Dawa hiyo huua bakteria, haiui kirusi. Inaweza kuhitajika pale vidonda vinapoingiwa na bakteria, lakini hilo huamuliwa na mtaalamu wa mifugo. Ikichomwa ovyo, mabaki yake huingia katika maziwa na nyama, wala kuchemsha hakuyaondoi kwa uhakika. Mtoto anayeyanywa kila siku hupokea dozi ndogo ndogo zinazowazoesha bakteria kuishi na dawa. Usugu wa dawa unaosumbua wodini una chimbuko lake pia zizini. Kwa hiyo mama aulizwe: "Je, ng'ombe amechomwa sindano? Lini?" Ikiwa amechomwa, maziwa yasinywewe mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa zipite.

Kwa nini hasara ni kubwa ilhali vifo ni vichache

Ng'ombe mkubwa mara nyingi hupona ndani ya wiki mbili au tatu, akiwekwa kivulini, akapewa maji na majani laini, na vidonda vyake vikasafishwa. Ndiyo maana watu huuona ugonjwa huu kuwa mdogo. Lakini hesabu ya kaya haiishii kwenye vifo. Maziwa hupungua au hukatika. Kiwele huweza kuharibika moja kwa moja. Ng'ombe wa kulima hushindwa kusimama msimu wa mvua unapoanza. Wengine hubaki wakihema kwa shida kwenye jua hata baada ya kupona. Kwa familia yenye ng'ombe mmoja, hayo ni maziwa ya mtoto, nauli ya kliniki na sare ya shule.

Kwa taifa, hasara ni ya soko. Nchi zisizo na ugonjwa huu hukataa mifugo na nyama kutoka nchi zilizo nao, na huulinda usafi wao kwa gharama kubwa. Mwaka 2001 ugonjwa uliingia Uingereza, ukasambaa kabla ya kugunduliwa kwa sababu mifugo ilikuwa imekwisha kupita minadani, na zaidi ya wanyama milioni 6 wakachinjwa ili kuuzima. Nchi yenye wataalamu na maabara tele ilishindwa kwa sababu taarifa ilichelewa na mifugo ikatangulia.

Mkoa wa Mtwara na njia za maradhi

Zamani ukanda huu wa kusini haukuwa na ng'ombe wengi. Mbung'o waliwazuia, na watu walitegemea mihogo, korosho, samaki, kuku na mbuzi. Hali imebadilika. Mwaka 2006 na 2007, Serikali ilipoondoa mifugo katika bonde la Ihefu, Mbarali, makundi makubwa yalielekezwa mikoa ya kusini-mashariki, hasa Lindi. Aidha, msimu wa korosho fedha huingia vijijini, na mbuzi na ng'ombe hununuliwa kwa ajili ya sherehe na kuweka akiba. Upande wa pili, Mto Ruvuma unatutenganisha na Msumbiji kwa ramani tu. Watu wana ndugu kote kuwili, na kirusi hakiulizwi hati ya kusafiria.

Mkoa huu una funzo lake wenyewe. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa kaskazini mwa nchi mwaka 2008. Kufikia mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo walikuwa wakiuchunguza mlipuko wake Tandahimba, katika mkoa wetu. Maelezo waliyoyapata ni kwamba uliingia kusini pamoja na mbuzi walionunuliwa mnada wa Pugu, Dar es Salaam, mamia ya kilomita kutoka hapa. Ugonjwa ulisafiri na mbuzi walionunuliwa kwa nia njema. Sotoka hiyo nayo huleta vidonda vya mdomo, na kwa macho pekee si rahisi kuitofautisha na ugonjwa wa miguu na midomo. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kuhitaji maabara.

Chanjo isiyojua adui

Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Kirusi cha miguu na midomo kina aina saba: O, A, C, Asia 1, na tatu za kusini mwa Afrika ziitwazo SAT 1, SAT 2 na SAT 3. Aina C haijaripotiwa popote tangu mwaka 2004. Nchini Tanzania zimetambuliwa O, A, SAT 1 na SAT 2. Mnyama aliyepona aina moja hana kinga dhidi ya nyingine, na chanjo ya aina moja haimkingi dhidi ya nyingine. Mfugaji aliyechanja kisha ng'ombe wake wakaugua husema chanjo ni uongo. Huenda chanjo ilikuwa njema, ila ilitengenezwa kwa ajili ya aina nyingine. Huenda pia ilikosa baridi njiani, kwa kuwa nayo, kama chanjo za watoto wetu, hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za sentigredi. Na hata ile iliyo sahihi hukinga kwa takriban miezi sita tu, kisha irudiwe.

Basi, kabla ya kuchanja ni lazima kujua aina ipi inatembea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kutoka kaskazini mwa Tanzania ulionyesha kwamba aina hizi hupita katika mifugo kwa mawimbi, moja baada ya nyingine, na kwamba chanzo kikubwa cha milipuko ni mifugo yenyewe kuambukizana, si nyati wa hifadhini. Hilo ni tumaini: wimbi linaloonekana likija linaweza kutanguliwa kwa chanjo inayolingana nalo. Lakini wimbi huonekana tu pale sampuli inapofika maabara. Sampuli bora ni ngozi au maji ya lengelenge bichi, nalo lengelenge hupasuka ndani ya siku chache. Taarifa ikikaa wiki mbili, kirusi kimeondoka na jibu limeondoka nacho.

Kwa nini watu hunyamaza

Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inataka magonjwa ya namna hii yatolewe taarifa. Hata hivyo mfugaji anajua kinachofuata: karantini, mnada kufungwa, kibali cha kusafirisha kuzuiwa. Atakayesema kwanza ataumia kwanza, na jirani aliyeuza usiku ataponea. Tusimhukumu kwa haraka. Ukimya wake ni hesabu ya mtu maskini, na hautavunjwa kwa vitisho. Utavunjwa akiona kwamba aliyetoa taarifa alitembelewa upesi, aliambiwa jibu la sampuli yake, alielezwa karantini itaisha lini, na mifugo ya majirani ilichanjwa. Taarifa isiyorudishiwa jibu ni taarifa ya mwisho.

Hapa ndipo mhudumu wa afya anapoingia. Yeye huaminiwa, na hukutana na kaya nyingi kila siku kuliko afisa mifugo mmoja wa kata. Taasisi ya SACIDS, iliyoko Chuo Kikuu cha Sokoine mjini Morogoro, ilibuni programu ya simu iitwayo AfyaData ambayo watu wa jamii wameitumia, Ngorongoro kwa mfano, kuripoti dalili za watu na za wanyama kwa pamoja. Huo ndio moyo wa mpango wa Afya Moja unaoratibiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu. Hata pasipo programu hiyo, namba ya afisa mifugo iliyobandikwa ukutani mwa zahanati inatosha kuanzia.

Hatua za kufuata

1. Mgonjwa au mzazi akitaja mnyama anayedondosha udenda au kuchechemea, mpigie afisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo. Usisubiri uthibitisho, kuthibitisha ni kazi ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania.

2. Mshauri mwenye mnyama asimhamishe, asimuuze, asimchinje kwa siri, wala asimpeleke malishoni au majini na wengine.

3. Anayemhudumia mnyama mgonjwa aoshe mikono, abadili nguo na viatu kabla ya kuingia zizi jingine. Kirusi hakipendi tindikali wala magadi. Viatu na vyombo vioshwe udongo kwanza, kisha kwa mmumunyo wa magadi ya kufulia wa asilimia 4.

4. Mnyama mpya, hata mbuzi wa sherehe, atengwe wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wengine, kwa kuwa dalili huweza kuchukua hadi siku 14 kujitokeza. Mbuzi na kondoo huugua kimyakimya. Kutoonekana kwa kidonda si ushahidi wa uzima.

5. Maziwa yachemshwe, na dawa za mifugo zitolewe kwa ushauri wa mtaalamu.

Turudi kwa mama wa Likombe. Mtoto wake amepewa huduma na atapona. Ameambiwa ukweli kuhusu maziwa. Kabla hajaondoka, mhudumu anachukua simu na kumpigia afisa mifugo. Mazungumzo hayo ya dakika mbili hayamponyi ng'ombe wa mama huyu, yeye ameshaugua. Yanawalinda ng'ombe wa nyumba ya pili na ya tatu, na yanawapa wataalamu nafasi ya kujua ni chanjo ipi iagizwe. Sindano ya chanjo huonekana na wote, na husifiwa. Lakini huchomwa mahali sahihi kwa wakati sahihi pale tu ambapo mtu mmoja alitangulia kusema.