SOMO: KUMBUKUMBU ZA MWENDO WA LORI NA MAFUNZO YA DEREVA

Chama cha msingi kinapomiliki lori, au kinapolikodi kwa msimu mzima, hujitwika dhamana mbili kwa pamoja: mali ya wanachama na roho za watu. Mali hukaguliwa kila mwaka. Roho aghalabu hazina mkaguzi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2021 watu wapatao milioni 1.19 walikufa duniani kwa ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo huongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Kwa sababu hiyo yafaa kila katibu akifahamu kifaa cha kufuatilia mwendo wa gari, ambacho sasa hufungwa katika magari mengi ya biashara, na ajue namna ya kukitumia kumfundishia dereva.

Kifaa chenyewe

Hiki ni kisanduku kidogo kinachofungwa ndani ya gari. Hupokea ishara za setilaiti, na kwa ishara hizo hutambua mahali gari lilipo na kasi yake. Kisha hupeleka habari hizo kwa njia ya mtandao wa simu hadi kwenye kompyuta ya msimamizi. Katibu naye aweza kuzisoma katika simu yake ya mkononi. Nchini Tanzania utaratibu wa kufuatilia mabasi ya masafa marefu kwa vifaa vya namna hii ulianza mwaka 2017, na sasa husimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA.

Hata hivyo, kifaa hakioni kila jambo. Hakijui kama tairi limechakaa, kama breki ni dhaifu, wala kama dereva alikesha. Ukaguzi wa gari kabla ya safari hubaki mikononi mwa watu.

Hesabu ya kasi

Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 huweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kilomita 80 kwa saa kwa magari yenye uzito unaozidi kilo 3,500. Gari lendalo kilomita 50 kwa saa hupita mita 14 kila sekunde. Lendalo kilomita 80 hupita mita 22. Mtoto akikatiza barabara ghafla, na dereva akichukua sekunde moja tu kabla ya kukanyaga breki, lori limekwisha kwenda mita hizo 22 kabla breki haijaanza kazi. Tena, kasi ikiongezwa mara mbili, umbali wa kulisimamisha gari kwa breki huongezeka mara nne. Dereva anayeonyeshwa hesabu hii kwa safari yake mwenyewe, mbele ya shule ile ile anayoipita kila siku, huelewa zaidi kuliko yule anayekaripiwa tu.

Kosa ni la nani?

Na uchukuliwe mfano huu. Kiwanda cha kuchambua pamba kiko kilomita 120 kutoka ghala la chama, na lango lake hufungwa saa kumi jioni. Kilomita 60 za kwanza ni njia ya vumbi ipitayo vijijini, ambako lori huenda kilomita 40 kwa saa. Hapo hutumika saa moja na nusu. Lori likiondoka saa sita mchana, na likienda kilomita 60 kwa saa katika lami iliyobaki, litafika saa nane na nusu bila taabu.

Lakini karani wa mizani akichelewa na lori likaondoka saa nane, dereva atakuwa na nusu saa tu ya kumaliza kilomita 60 za lami. Ili awahi lango, itampasa aende kilomita 120 kwa saa. Jioni kumbukumbu zitaonyesha kosa la dereva, ilhali kosa lilianzia ghalani. Bodi ikimkata mshahara bila kuuliza, itakuwa imemwadhibu mtu mmoja na kuiacha hatari pale pale, imngojee dereva atakayefuata. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Utaratibu unaofaa

1. Kila wiki katibu na dereva wakae pamoja, wasome kumbukumbu za safari na kuzilinganisha na daftari la safari na saa za kupakia. Dereva awe wa kwanza kueleza.

2. Sababu ikiwa ni ratiba, bodi irekebishe ratiba. Sababu ikiwa ni uzoefu mdogo, dereva apelekwe mafunzoni. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kilichoko Dar es Salaam, hufundisha madereva.

3. Dereva arudiaye kosa kwa makusudi baada ya kufundishwa ndiye achukuliwe hatua.

4. Katibu asimpigie simu dereva aliye njiani kumwuliza amefika wapi. Mahali lilipo lori aangalie katika kifaa. Shirika la Afya Duniani hueleza kwamba dereva anayetumia simu huwa katika hatari ya kupata ajali ipatayo mara nne ya asiyeitumia.

5. Dereva atakayelikuta lango limefungwa kwa sababu ya kuchelewa kupakia asilaumiwe. Apewe fedha ya kulala, na shehena ipokewe kesho yake.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika chama chenu, ni nani apangaye saa ya lori kuondoka, na je, saa hiyo huandikwa?

2. Pigeni hesabu ya safari ya lori lenu kwa mwendo wa halali. Je, muda uliopo watosha?

3. Mara ya mwisho dereva alipolaumiwa kwa kwenda kasi, nani mwingine aliulizwa?